Fedha mkononi, kikundi, mkandarasi au mkoa mlezi? Njia za Asia za kujenga upya baada ya janga

Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliifagia Aceh, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra. Miezi 17 baadaye, tarehe 27 Mei 2006, tetemeko la ardhi likaipiga Yogyakarta na maeneo jirani ya kisiwa cha Java. Nchi ni moja, Indonesia, na serikali ni ile ile. Lakini Aceh ilipata misaada kutoka kila pembe ya dunia, mamia ya mashirika na mamlaka maalumu iliyoitwa BRR, ambayo hadi inafungwa Aprili 2009 ilisimamia ujenzi wa nyumba zipatazo 140,000. Java fedha zilikuwa haba. Kaya iliyobomokewa ilipewa rupia za Indonesia milioni 15 hadi 20 kupitia vikundi vya majirani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyumba zaidi ya 150,000 zilizoanguka ilisimama tena ndani ya miaka miwili hivi.

Kusema Java walijua na Aceh hawakujua si haki. Aceh ilipoteza watu wapatao 170,000, waliokufa na waliopotea. Viwanja vilimezwa na bahari, watumishi wa serikali walikufa na daftari zao za ardhi, na jimbo lilikuwa vitani hadi mapatano ya Helsinki ya Agosti 2005. Java ardhi ilibaki palepale na fundi alibaki mtaani kwake. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi. Kabla ya kuuliza kuna fedha kiasi gani, uliza kimebaki nini: ardhi, mafundi, majirani, viongozi wa mtaa. Kilichobaki ndicho kitakachokuambia nani ashike fedha, nani ajenge na nani akague.

Ulinganisho huu ni wa anayelazimika kuamua mambo hayo: ofisa wa maafa, shirika, kamati ya dini, hata mfadhili mmoja mwenye nia njema.

Fedha kwa mwenye nyumba

India ilijifunza njia hii kwa gharama kubwa. Tetemeko la Latur, jimboni Maharashtra, la tarehe 30 Septemba 1993 liliua watu wapatao 10,000. Vijiji 52 vilivyoharibika zaidi vilihamishwa na kujengwa upya na wakandarasi na wafadhili: mistari iliyonyooka, barabara pana, nyumba za kufanana. Kwenye ramani vilipendeza. Lakini mkulima alijikuta mbali na shamba lake, hakuwa na pa kufungia ng'ombe wala pa kuweka nafaka, na ndugu waliokuwa wakipakana wakatawanywa. Vijiji vingine vya eneo hilo hilo vilipewa fedha na mafunzo ya kukarabati nyumba pale zilipokuwa.

Kwa hiyo jimbo la Gujarat, India, lilipotikiswa tarehe 26 Januari 2001 kwa ukubwa wa 7.7, na maelfu kwa maelfu ya watu wakafa katika wilaya ya Kutch, vijiji vingi vilikataa kuhamishwa. Mamlaka ya maafa ya jimbo, GSDMA, iliyoundwa wiki chache baada ya tetemeko, ikawaachia watu wachague: wajengewe na mfadhili, au wapokee fedha wajenge wenyewe. Wengi sana walichagua fedha. Zililipwa kwa awamu kwenye akaunti ya benki, na awamu iliyofuata haikutoka mpaka mhandisi athibitishe kazi ya awali. Wengi walikuwa wanafungua akaunti kwa mara ya kwanza maishani.

Pakistan ilifuata baada ya tetemeko la tarehe 8 Oktoba 2005 lililoua watu zaidi ya 73,000, na Nepal baada ya lile la tarehe 25 Aprili 2015 lililoua karibu 9,000. Tazama jinsi nchi hizo mbili zilivyogawa fedha, maana hapo pana somo ambalo wengi hulipita.

Pakistan ilimpa aliyebomokewa kabisa rupia zake 175,000: 25,000 za kujihifadhi msimu wa baridi, 75,000 za kuanzia ujenzi, 25,000 msingi ukikamilika, na 50,000 ukuta ukifika kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha. Nepal ilitoa rupia zake 300,000 (mwanzoni zilitangazwa 200,000): 50,000 baada ya kusaini mkataba, 150,000 baada ya msingi kukaguliwa, na 100,000 ukuta ukiwa umefika usawa wa paa.

Ondoa zile 25,000 za baridi, utaona kwamba Pakistan ilitanguliza nusu ya fedha za ujenzi. Nepal ilitanguliza moja ya sita. Mwenye nyumba wa Nepal, hasa wa wilaya za milimani ambako saruji inapandishwa kwa nyumbu na bei yake kuongezeka kwa kila saa ya njia, alishika kiasi kisichomaliza msingi. Bila msingi hakuna mkaguzi, na bila mkaguzi hakuna awamu ya pili. Wenye akiba au mtoto anayefanya kazi ughaibuni walianza, wengine wakakopa kwa riba kubwa, wengine wakakaa chini ya bati na turubai misimu miwili ya mvua na zaidi. Kuchelewa huko kulikuwa na sababu nyingine pia. Mamlaka ya ujenzi mpya, NRA, haikuanza kazi hadi mwisho wa Desemba 2015, miezi minane baada ya tetemeko, na katikati ya muda huo mpaka na India ulikuwa umezibwa kwa miezi kadhaa, mafuta na vifaa vikakosekana.

Kutanguliza kiasi kikubwa nako kuna hatari: fedha ya kwanza inaweza kuishia kwenye deni, chakula au matibabu. Kwa maoni yetu, hatari hiyo ni ndogo kuliko ya kumwachia mtu msingi nusu. Awamu ya kwanza ikadiriwe hivi: gharama yote ya msingi mpaka usawa wa jamvi (sakafu ya zege) kwa bei za kijiji kilicho mbali zaidi, usafiri ukiwemo, na posho ndogo ya chakula kwa wiki ambazo mtu atajenga badala ya kwenda kibaruani. Chini ya hapo, usiite ruzuku ya nyumba.

Mkaguzi asipofika

Njia ya fedha mkononi hushinda au kushindwa kwa ukaguzi. Piga hesabu kabla ya kutangaza chochote. Nyumba 10,000 zikikaguliwa mara tatu kila moja ni safari 30,000. Mkaguzi wa eneo la milima anayetembea kwa miguu, akiweza nyumba 6 kwa siku kwa siku 20 za mwezi, hufikisha 120. Ili kumaliza kwa miezi 12 unahitaji wakaguzi 21 walioko kazini kila siku, bila likizo wala kuugua. Weka 26. Halmashauri nyingi zina wahandisi wawili, nao wana barabara na madarasa ya kuhangaikia.

Mkaguzi akichelewa, mwenye nyumba hamsubiri. Mvua inakuja, fundi ana kazi nyingine, zege linamwagwa. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Ndiyo maana wakati wa maana wa kufika ni kabla ya kumwaga zege la mkanda, yaani boriti ya zege inayozunguka kuta zote, si baada. Katika nyumba ya ghorofa moja ya mawe au matofali, mambo haya ndiyo yanayotazamwa:

Nondo za mkanda zisikatikie kwenye kona. Zikunjwe zizunguke kona na kupishana na za upande wa pili. Kwa nondo ya milimita 12, mpishano wa sentimeta 60. Ringi, vyuma vyembamba vinavyozishika nondo pamoja, zikunjwe ndoano ya digrii 135 inayoingia ndani ya zege, maana ndoano ya digrii 90 hufunguka ukuta ukitikiswa. Mlango na dirisha vikae angalau sentimeta 60 kutoka kwenye kona. Katika ukuta wa mawe kwa udongo, unene usizidi sentimeta 45, na kuwe na mawe marefu yanayopita ukuta kutoka uso mmoja hadi mwingine, kila sentimeta 60 kwenda juu na kila mita 1.2 kwenda pembeni. Yakikosekana, ukuta ni nyuso mbili zilizosimama bega kwa bega. Ukitikiswa, uso wa ndani huangukia waliolala na wa nje huangukia njiani. Pembetatu ya juu, chini ya kenchi, ijengwe kwa mbao au bati, si kwa mawe. Zege limwagiliwe maji siku 7 kwa uchache.

Mkaguzi mwenye orodha hiyo kwenye karatasi moja na kipimo cha futi mkononi hutumia dakika 30. Na asiseme tu kwamba nyumba imefeli, aseme inarekebishwaje. Mwenye nyumba aliyeambiwa "haikidhi" na kuachwa hapo hubaki na ukuta asioweza kuubomoa na fedha asiyoweza kuipata.

Pakistan ilikosea kwenye jambo jingine, kisha ikajisahihisha. Mwanzoni mamlaka yake ya ujenzi mpya, ERRA, ilikubali miundo ya matofali na zege tu. Huko Kashmir na milima ya jirani barabara zilikuwa zimekatika, na saruji na nondo havikufika. Wenyeji walikuwa na ujenzi wao wa asili, dhajji: fremu ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo vilivyojazwa mawe madogo na udongo. Nyumba za aina hiyo zilizotunzwa vizuri zilikuwa zimestahimili tetemeko, kwa sababu fremu hupinda kidogo na kila kijumba huzuia ufa usitambae. Karibu mwaka mmoja ulipita kabla dhajji haijakubaliwa rasmi mwaka 2006. Bhatar, ukuta wa mawe makavu unaofungwa na ngazi za mbao kila baada ya kimo kifupi, ulisubiri hadi 2007. Mwaka huo mmoja ulikuwa msimu mzima wa ujenzi. Anayeandika mwongozo leo atembee kijijini siku za kwanza, atafute nyumba ambazo hazikuanguka, aulize zimejengwaje, na kama uhandisi unakubali aziweke kwenye orodha kabla fedha hazijatoka.

Nepal ilionyesha kasoro nyingine. Ruzuku ilikuwa ileile kwa kaya ya watu wawili na kaya ya watu tisa, na tarehe za mwisho zilikuwa kali, kwa hiyo wengi walijenga kachumba kamoja au viwili ili wapate awamu inayofuata. Nyumba ya zamani ilikuwa na ghorofa: chini mifugo, katikati kulala, juu nafaka. Kachumba kapya kalipita ukaguzi, na familia ikaendelea kulala kwenye nyumba ya zamani yenye nyufa. Tarehe ya mwisho inahimiza watu, ndiyo, lakini isogezwe kwa wilaya za mbali, na mwongozo uonyeshe toka mwanzo jinsi ya kuongeza chumba cha pili na cha tatu bila kuvunja mkanda.

Jambo moja la Nepal linastahili kuigwa. Vijana wengi wa kiume walikuwa Malaysia na nchi za Ghuba kwa kazi, mafundi wakawa wachache, na wanawake wakafundishwa uashi. Wengi wao walikuwa wanajenga nyumba zao wenyewe, na fundi anayejenga atakapolala wanawe haibi saruji.

Fedha kwa kikundi

Java ilitumia kikundi cha kaya jirani, pokmas. Kikundi kinafungua akaunti ya pamoja, kinachagua mweka hazina, kinanunua mchanga na matofali kwa jumla, kinaamua nyumba ya nani itangulie, na wanachama wanasaidiana kwa nguvu zao kwa desturi yao ya gotong royong. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Ni msaragambo wenye akaunti ya benki. Faida yake ni mbili. Mkaguzi anakutana na kundi zima siku moja badala ya kufukuzana na nyumba moja moja. Na mjane au mzee asiyeweza kubeba tofali hujengewa na wenzake, jambo ambalo ruzuku ya mtu mmoja mmoja hulisahau.

Njia hiyo hiyo ilipopelekwa Lombok baada ya matetemeko ya Julai na Agosti 2018, ilikwama. Serikali ilitangaza rupia milioni 50 kwa nyumba iliyoharibika vibaya, milioni 25 kwa ya wastani na milioni 10 kwa uharibifu mdogo. Lakini ilisukuma zaidi muundo mmoja, RISHA, wa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kufungwa kwa bolti. Muundo ni imara, viwanda vya kutengeneza vipande vilikuwa vichache. Vikundi vilipanga foleni ya vipande, na karatasi za kutolea fedha zilikuwa nyingi kiasi kwamba fedha zililala benki watu wakiwa kwenye mahema. Baadaye miundo ya mbao na ya matofali ikaruhusiwa na karatasi zikapunguzwa. Kikundi hufanya kazi pale tu kinapoweza kuamua kitu. Kikilazimishwa kununua bidhaa moja kwa muuzaji mmoja, kinabaki kuwa foleni yenye mwenyekiti.

Ukichagua kikundi, kaya 10 hadi 20 zinatosha. Saini ziwe tatu, mmoja wao mwanamke, na risiti zibandikwe ukutani kila wiki mahali ambapo kila mtu anapita.

Mkandarasi au mfadhili

Baada ya tsunami ya 2004 Sri Lanka ilitumia njia mbili kwa wakati mmoja. Serikali ilitangaza ukanda wa kutojenga: mita 100 kutoka baharini upande wa kusini na magharibi, mita 200 kaskazini na mashariki. Aliyekuwa nje ya ukanda alipewa fedha kwa awamu, rupia za huko 250,000 kwa nyumba iliyobomoka na 100,000 kwa iliyoharibika, ajenge mwenyewe. Aliyekuwa ndani ya ukanda alisubiri nyumba ya mfadhili kwenye ardhi mpya huko bara. Wa nje walianza kujenga. Wa ndani walisubiri ardhi ipatikane, ipimwe, isafishwe, barabara na maji vifike. Wavuvi waliwekwa mbali na mitumbwi yao. Baadaye ukanda wenyewe ulipunguzwa, na baadhi ya waliokuwa wamesubiri wakaruhusiwa kujenga palepale walipotoka.

Ufilipino ilirudia. Kimbunga Haiyan, ambacho wenyeji hukiita Yolanda, kilipiga tarehe 8 Novemba 2013, kikaua zaidi ya watu 6,000 na kuharibu nyumba zaidi ya milioni moja. Huko Tacloban ukanda wa kutojenga ulikuwa mita 40. Familia zilihamishiwa kaskazini mwa jiji kwenye nyumba za mistari zilizojengwa na wakandarasi, lakini maji ya bomba hayakuwa yamefika, yakawa yanaletwa kwa malori. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa akitembea hadi sokoni akawa analipa nauli kwenda na kurudi kila siku, na familia nyingine ziligawanyika, baba akabaki pwani na mama na watoto kule juu. Nyumba isiyo na maji, na inayomdai mtu nauli kila siku, si suluhisho hata kama kuta ni za zege.

Katika vijiji vya wavuvi vya Tamil Nadu, India, vilivyopigwa na tsunami ya 2004, mashirika mengine yalikata miti yote ili kupanga viwanja kwa kamba. Kivuli cha mwarobaini na mnazi ndimo watu walimokuwa wakishona nyavu, wakianika samaki, wakikaa na wageni. Waliachiwa nyumba za paa la zege la bapa zinazochemka mchana.

Hatusemi mkandarasi aondolewe. Yuko mahali pake. Palu, katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, tetemeko la tarehe 28 Septemba 2018 lilifanya udongo wa mitaa ya Balaroa na Petobo kugeuka kuwa uji na kusomba mitaa mizima. Pale hakuna wa kuruhusiwa kujenga tena, na kuhama ni lazima. Mjini penye majengo ya ghorofa, mwenye chumba cha ghorofa ya tatu hawezi kujenga peke yake. Huko Bhuj, mji mkuu wa wilaya ya Kutch, mji wa zamani wenye vichochoro ulibidi upangwe upya: wenye viwanja vikubwa walikatwa sehemu kufikia karibu theluthi kwa ajili ya barabara, wenye viwanja vidogo kabisa hawakukatwa, na mpango huo ulichukua miezi mingi ya mabishano kabla ya tofali la kwanza. Na katika njia yoyote wapo wazee, wagonjwa na watoto waliobaki yatima ambao lazima wajengewe.

Ukimtumia mkandarasi, jenga nyumba moja ya mfano kwanza, watakaohamia waingie ndani na waseme. Maji, choo na njia ya kwenda kazini viwe ndani ya mkataba. Zuia asilimia 5 hadi 10 ya malipo kwa mwaka mmoja, mpaka mvua moja kubwa ipite. Mwenye nyumba apewe haki ya kuingia eneo la ujenzi na namba ya simu ya msimamizi. Aceh iliwahi kulazimika kubomoa na kurudia nyumba zilizokabidhiwa, kwa sababu ya mbao mbichi, mchanga wa baharini wenye chumvi inayokula nondo, na mikanda isiyofungwa kwenye kona. Wafadhili walikuwa wakishindana kwa idadi ya nyumba, na idadi haina nyufa.

Mkoa mlezi

China ilifanya jambo ambalo nchi chache zinaweza. Baada ya tetemeko la Wenchuan la tarehe 12 Mei 2008, lililoacha watu karibu 87,000 wakiwa wamekufa au wamepotea, serikali kuu iligawia mikoa 19 yenye uwezo wilaya moja moja ya kuilea. Kila mkoa ulitakiwa kutoa walau asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia kwa miaka mitatu. Guangdong ililea wilaya ya Wenchuan, Shanghai ikalea Dujiangyan, Shandong ikajenga mji mpya wa Beichuan, na mji wa zamani ukaachwa magofu kuwa kumbukumbu. Hospitali, shule na barabara zilisimama kwa kasi ambayo Aceh wala Nepal hawakuikaribia.

Nguvu ya njia hii si fedha peke yake. Mkoa mlezi huleta wahandisi wake, walimu wake na madaktari wake, na jina lake liko kwenye bango. Udhaifu wake uko katika anayeamua. Mji unapangwa na aliyetoka mbali, wakati mwingine mkubwa kuliko uwezo wa wilaya kuutunza mlezi akiondoka, na wanakijiji wengi walijazia nyumba zao kwa mikopo. Nchi isiyo na mikoa tajiri inaweza kuazima kipande: wilaya isiyoguswa na janga iazimishe wahandisi wanne, wapimaji wawili na mhasibu kwa mwaka mmoja kwa wilaya iliyoguswa. Wilaya kadhaa zikifanya hivyo, wale wakaguzi 26 tuliowahesabu watapatikana.

Jumuiya ya kanda

ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, ina kituo chake cha maafa, AHA, jijini Jakarta tangu 2011, chini ya mkataba uliosainiwa 2005 na kuanza kutumika 2009. Kina timu ya tathmini ya haraka na maghala ya vifaa, la kwanza likiwa Subang, Malaysia. Mafunzo makubwa ya kanda hiyo yalitoka Myanmar. Kimbunga Nargis cha Mei 2008 kiliacha karibu watu 138,000 wakiwa wamekufa au wamepotea, na watawala wa kijeshi hawakutaka wageni. Iliundwa kamati ya pande tatu: ASEAN, serikali ya Myanmar na Umoja wa Mataifa. ASEAN haikuleta fedha nyingi. Ilileta mlango ambao serikali ingeweza kuufungua bila kuona aibu.

Asia Kusini haina kitu cha namna hiyo kinachotembea. SAARC, jumuiya ya nchi za huko, ina kituo cha maafa, na ina makubaliano ya kusaidiana haraka yaliyosainiwa Maldives 2011, lakini wakuu wake hawajakutana tangu mkutano wa Kathmandu wa 2014. Nepal ilipotikiswa 2015, misaada ya jirani ilikuja nchi kwa nchi, India ikitangulia kwa ndege za kijeshi.

Itegemee jumuiya ya kanda kwa wiki za mwanzo: visa, forodha, mahema, tathmini ya pamoja. Usiisubiri ijenge nyumba.

Miezi ya katikati

Kati ya hema na nyumba kuna mwaka mmoja hadi mitatu, na hapo ndipo watu hufa kimya. Japani iligawa nyumba za muda za Kobe, zipatazo 48,000, baada ya tetemeko la Januari 1995, kwa bahati nasibu, wazee na wenye ulemavu wakitangulizwa. Nia ilikuwa safi. Lakini wazee walitengwa na majirani wao, na wengi wakakutwa wamekufa peke yao vyumbani. Baada ya tsunami ya Machi 2011 baadhi ya maeneo yalihamisha kijiji pamoja, na serikali ikalipia pia kodi ya nyumba za kupanga. Waliopanga walipata makazi haraka, wakatawanyika pia, na wahudumu hawakujua waliko. Hivyo ukigawa nyumba za muda, gawa kwa mtaa, na ukilipia kodi, weka mtu wa kuwapigia simu na kuwatembelea kila wiki.

Asiye na kiwanja

Njia zote hizi zimejengwa juu ya mtu mwenye ardhi. Mpangaji, aliyekaa kwenye kiwanja cha tajiri, mjane ambaye kiwanja kiko kwa jina la shemeji: hao hukosa. Aceh wapangaji hawakuwa na haki ya nyumba mwanzoni, wakalalamika, na BRR ikalazimika kubadili msimamo na kuwatafutia ardhi wakati viwanja vya karibu vilikuwa vimeshachukuliwa. Nepal ilidai hati ya ardhi kabla ya kusaini mkataba, na waliolima ardhi ya wengine kwa vizazi wakabaki nje ya orodha.

Sindh, Pakistan, baada ya mafuriko ya 2022, ilijaribu kuanzia hapo. Mpango wake wa nyumba milioni 2.1 unalipa rupia 300,000 kwa awamu kwenye akaunti, na unaambatanisha ruzuku na hati ya kiwanja kwa jina la mwanamke wa kaya, katika jimbo ambalo wakulima wengi huishi kwenye ardhi ya wenye mashamba makubwa. Kazi hiyo ni ya polepole na ina upinzani, lakini mpangilio wake ni sahihi: hati kabla ya tofali. Pale ambapo hati haiwezekani haraka, pata barua ya mwenye ardhi inayomruhusu mtu kukaa kwa miaka isiyopungua 10, isainiwe mbele ya kiongozi wa mtaa na mashahidi wawili, nakala moja ibaki kwa mkazi, moja halmashauri na moja kwenye faili la ruzuku. Wiki ya kuandikisha wahanga ndiyo wiki ya kuiandika barua hiyo, kabla mwenye ardhi hajaona saruji ikishushwa.